Kumpeleka Baba Bhuj: Majumba, Ziwa na Kotia za Kutch

Watu wa kwetu Mombasa wakikwambia wanakwenda India, mara nyingi ni matibabu, masomo au nguo za harusi. Wakienda kutembea tu, hukimbilia Agra kuiona Taj Mahal, wakapitia Jaipur, wakarudi. Mimi nilimpeleka baba yangu Bhuj, mji mkuu wa zamani wa Kutch, katika jimbo la Gujarat, kule magharibi kabisa, si mbali na mpaka wa Pakistan. Baba ameshapita miaka sabini, anatembea na bakora, na ngazi zinamtesa. Kabla ya safari nilitafuta maelezo ya mtu aliyekwenda huko na mzee kama wangu, nikakosa. Yote niliyoyasoma yaliandikwa na vijana wenye miguu mizima. Ndiyo maana nayaandika haya.

Sababu ya kuchagua Bhuj ni kotia, vyombo vya matanga vya Kihindi. Baba alianza kazi ujanani, mchukuzi wa mizigo katika Bandari ya Kale ya Mombasa, kabla ya kuingia Kilindini. Zama hizo, kaskazi ikianza kuvuma, vyombo vya Ghuba na vya India vilijaa pale karibu na Fort Jesus: majahazi, mabumu, na kotia zenye nakshi kwenye tezi, yaani sehemu ya nyuma ya chombo. Mabaharia wa kotia walikuwa wakisema wametoka Kutch, bandari ya Mandvi. Walishusha vigae, chumvi na vyombo vya nyumbani, wakapakia boriti za mikoko, wakangoja upepo ugeuke. Maisha yake yote baba amekuwa akilitaja jina la Mandvi, na sisi watoto tukilisikia tu. Alipostaafu, na ndugu zangu tulipochanga, nikasema twende sasa angali na nguvu.

Nianze na karatasi, maana hapo ndipo safari za wengi hukwama. Mkenya huomba viza ya India kwa mtandao, na tovuti ya serikali ya India ni moja tu. Zipo nyingine nyingi zilizofananishwa nayo, zinazokutoza mara mbili au tatu kwa kukujazia fomu ileile. Pili ni chanjo ya homa ya manjano. India haina mzaha katika hili kwa mtu anayetoka Kenya: cheti kiwe kimetimiza siku 10 kabla hujatua, na asiyekuwa nacho huwekwa karantini. Kwa kijana si kazi. Kwa mzee ni jambo la kumwona daktari kwanza, kwa sababu chanjo hii ikitolewa kwa mara ya kwanza kwa mtu wa zaidi ya miaka 60 ina hatari zake. Baba alikuwa amechanjwa alipokwenda Hija, na kadi yake ya zamani ilikuwa imehifadhiwa pamoja na picha za Makka. Tangu 2016 Shirika la Afya Duniani limeamua kwamba chanjo hiyo hudumu maisha, kwa hiyo kadi kuukuu bado inafaa. Itafuteni nyumbani kabla hamjakimbilia sindano mpya.

Tulitua Mumbai, tukapanda treni ya usiku hadi Bhuj. Unaweza kwenda kwa ndege, lakini baba alitaka treni, na mimi sijutii. Muhimu ni kitanda. Mabehewa ya kulala yana vitanda vya ghorofa, na mzee akipangiwa cha juu ni balaa. Shirika la reli la India hutenga vitanda vya chini kwa wanaume wa miaka 60 na kuendelea na kwa wanawake kuanzia miaka 45, ila utaratibu huo unataka mzee akatiwe tiketi yake peke yake au na mzee mwenziwe. Ukimchanganya na vijana kwenye tiketi moja, nafasi hiyo hupotea. Sisi tulikata tiketi mbili mbali mbali, tukapata behewa moja, baba chini na mimi juu upande wa pili. Kata mapema kadiri uwezavyo. Treni za huko hujaa, na tiketi ya orodha ya kusubiri si tiketi ya kumpandia mzee.

Asubuhi tulifika Bhuj, na hapo ndipo tulipochoka kweli. Nyumba ya wageni niliyoiweka oda na kuthibitishiwa ilitupokea vizuri, ikatupa chai, kisha yule kijana wa mapokezi alipoziona pasipoti zetu akasema hawapokei wageni wa nje. Kila hoteli ya India inayomlaza mgeni kutoka nchi nyingine hulazimika kumwandikisha serikalini ndani ya saa 24, na nyumba nyingi ndogo hazijajisajili au hazitaki usumbufu huo. Tukazunguka na tuktuk, mizigo miguuni, mlango baada ya mlango. Baba hakusema neno. Nilimwona tu anavyoshika bakora kwa mikono miwili na kuinamisha kichwa, nikajisikia vibaya kuliko siku yoyote ya safari ile. Tulipata hoteli saa sita kasoro, ghali zaidi ya tulivyopanga. Kwa hiyo, hata ukishalipia, piga simu au andika ujumbe uulize neno moja: mnapokea wageni wenye pasipoti ya kigeni? Na uulize kama kuna lifti inayofanya kazi.

Pesa nazo zina mambo yake. Huko kila mtu, hata muuza maua nje ya hekalu, ana msimbo wa kulipia kwa simu, kama sisi na M-Pesa, lakini kwa kawaida mfumo wao umefungamana na akaunti za benki za Kihindi. Mgeni atembee na noti, tena ndogo ndogo. Rupia huzipati kirahisi kwetu, kwa hiyo toa kwenye mashine uwanja wa ndege wa Mumbai kabla hujaondoka.

Baba alilala mchana kutwa. Jioni tukatoka kwenda ziwani, na ziwa la Hamirsar likatuondolea uchungu wa asubuhi. Liko katikati ya mji, limezungukwa na njia tambarare yenye mabenchi, na ndani yake kuna bustani. Limepewa jina la Rao Hamirji (Rao ni cheo cha mtawala wa Kutch), aliyeuanzisha mji mwaka 1510; mwanawe Khengarji I akaufanya makao makuu mwaka 1549. Kutch ni nchi kavu. Mvua ikikataa, hakuna kitu, na ziwa hili si la kuzaliwa nalo bali lilichimbwa na kuunganishwa na mifereji inayokusanya maji ya mvua kutoka mbali. Mwenye hoteli alitueleza jambo ambalo baba alilipenda mno: mwaka ambao mvua inanyesha hadi Hamirsar linafurika, mji mzima hupewa mapumziko, shule na ofisi hufungwa, maji hufanyiwa ibada na watu hula laddu, vitamutamu vya mviringo. Baba, aliyekulia Mji wa Kale kwenye visima vya maji ya chumvichumvi, alikaa kwenye benchi akasema, hawa watu wana akili, wanasherehekea kitu chenyewe. Ndege wa majini walikuwa wengi kwa kuwa ilikuwa majira ya baridi yao. Enda kati ya Novemba na Februari. Kuanzia Aprili joto la Kutch hupanda juu ya nyuzi 40, na sidhani kama mzee ana kazi huko wakati huo.

Kesho yake tuliingia Darbargadh, ngome ya ndani walimoishi watawala wa ukoo wa Jadeja. Ndani ya ua mmoja kuna majumba matatu ya nyakati tofauti, na kila moja lina hali yake. La kwanza ukiingia ni Prag Mahal, kubwa, la mtindo wa Kizungu, lenye mnara wa saa wa mita 45. Rao Pragmalji II aliagiza lijengwe mwaka 1865, ramani akachora afisa Mwingereza, Kanali Henry Saint Clair Wilkins, na likakamilika mwaka 1879, Rao mwenyewe akiwa ameshafariki. Ukumbi wake una taa kubwa za vioo na wanyama waliokaushwa wenye vumbi, na mimi sikuona la kunichelewesha. Mnarani mtu hupanda ngazi, na ukiwa na mzee mwache chini kwenye kivuli. Mandhari ya mji kutoka juu ni nzuri, lakini si ya kuharibia goti.

Aina Mahal, Jumba la Vioo, ndilo la kulipa muda wako. Kwa nje ni nyumba nyeupe ya kawaida, na limeungana na majengo yaliyopasuka. Lilijengwa katikati ya karne ya 18 kwa ajili ya Rao Lakhpatji, mtawala aliyependa ushairi na muziki, na fundi wake alikuwa Ramsinh Malam. Inasimuliwa kwamba huyu Ramsinh alikuwa baharia, chombo chake kikavunjika, akaokolewa na meli iliyompeleka Uholanzi, akakaa huko miaka mingi akijifunza kutengeneza vioo, vigae, saa na kuyeyusha chuma. Aliporudi, Rao akampa nafasi ya kufanya kila alichojua. Ukuta ni marumaru nyeupe na vioo vilivyozungushiwa dhahabu, sakafu ni vigae vya rangi ya buluu na nyeupe. Kuna chumba ambacho Rao aliketi katikati, juu ya jukwaa, na maji yakimzunguka pande zote na kurushwa juu ili apate ubaridi wakati anatunga mashairi. Fundi wa bahari alimjengea mfalme wa nchi kavu chumba cha maji. Baba aliniomba nimsomee habari zake mara mbili.

Mlango mmoja ndani ya Aina Mahal umetiwa pembe za ndovu. Nilikaribia nikautazama kwa makini: vipande vyembamba, vimekatwa kama majani na maua, vimezamishwa ndani ya mbao hadi mkono ukipita hausikii mpaka. Pembe zimegeuka rangi ya siagi. Kwa karne nyingi pembe za ndovu wa Afrika Mashariki zilivushwa bahari hadi Mandvi na Bombay, na ushuru wa bandari ulikuwa sehemu kubwa ya utajiri wa watawala hawa. Forodha ya Unguja yenyewe, kwa sehemu kubwa ya karne ya 19, iliendeshwa kwa mkataba na nyumba ya biashara ya Jairam Shivji, watu wa Kutch. Msomaji wa pwani akisimama mbele ya mlango ule anaangalia kitu kinachomhusu. Wapagazi walioleta pembe hadi ufukweni hawakuandikwa popote, na wengi wao hawakuwa huru.

Jumba la tatu, la wake wa mfalme, limebaki mifupa. Tarehe 26 Januari 2001, saa mbili na dakika 46 asubuhi, siku ya sikukuu ya Jamhuri ya India, tetemeko la ardhi liliipiga Kutch. Maelfu kwa maelfu walikufa, na Bhuj iliporomoka. Roshani za mbao na mawe yaliyotobolewa nakshi bado zinaning'inia, na njiwa ndio wakazi. Nakuambia mapema ili usiende ukitarajia majumba yaliyopakwa rangi mpya kwa ajili ya watalii. Utakuta nyufa, kamba za kuzuia watu, na vyumba visivyofunguliwa. Wapo wanaosema Bhuj haina kitu cha kuona tangu tetemeko. Mimi naona kinyume. Ukiona ukuta ulioanguka kando ya ule uliosimama, ndipo unapojua jengo liliwekwaje, na ndipo walinzi wa jumba wanapofungua mdomo, kwa sababu kila mmoja ana alikokuwa asubuhi ile.

Kuhusu saa: majumba, jumba la makumbusho na mahekalu hufungwa mchana kwa muda mrefu, na kila mahali pana siku yake ya kufunga ndani ya wiki. Uliza hotelini usiku uliotangulia. Sisi tulijipangia hivi, na ulikuwa mpango wa kumfaa mzee: asubuhi kituo kimoja, mchana chakula na usingizi, jioni kituo kimoja chenye pa kukaa. Kiingilio ni kidogo, ila kamera hulipiwa kando, na mlinzi atakudai hata ukipiga kwa simu.

Kando ya ziwa lipo jumba la makumbusho la Kutch, la mwaka 1877, kongwe kuliko yote Gujarat. Mbele kidogo ni Ramkund, kisima cha ngazi cha mraba chenye sanamu zilizochongwa ukutani. Baba alikiangalia kutoka juu. Hayo yote hayapiti mwendo wa dakika chache kutoka kwenye hekalu la Swaminarayan, madhehebu ya Kihindu, na hapo ndipo tulipokaa sana.

Hekalu la kwanza la Swaminarayan hapa Bhuj lilijengwa miaka ya 1820, tetemeko likaliharibu, na jipya, la marumaru nyeupe tupu, likafunguliwa mwaka 2010. Michango mingi ilitoka kwa waumini walio ng'ambo, wakiwamo wa Kenya na Uingereza. Sisi ni Waislamu, tukaingia kama wageni: viatu nje, mabega na miguu imefunikwa, sauti chini. Hakuna aliyetuuliza dini yetu. Wanawake wana upande wao na wanaume wao, kwa hiyo mimi na baba tulitengana, na hilo lilinipa wasiwasi kwa mzee asiyejua lugha. Nikamwomba kijana mmoja kwa ishara amwangalie. Nilipotoka nilimkuta baba amewekewa kiti kivulini, ana bilauri ya maji mkononi, na wazee wawili wamemzunguka. Mmoja alikuwa amefanya ujenzi Nairobi miaka mingi.

Viatu si jambo dogo. Katika siku moja tulivua na kuvaa mara nyingi, na mzee mwenye mgongo mgumu hawezi kufunga kamba kila mlango. Mnunulie makubadhi ya kuingiza mguu tu, na ubebe soksi, maana marumaru ikipigwa na jua huchoma, na asubuhi ya Januari inauma kwa baridi. Bakora yake waliiruhusu kila mahali tulipoingia.

Ngome ya Bhujia iko juu ya kilima mashariki ya mji. Ilianzwa mapema karne ya 18 na ikamalizika chini ya Rao Deshalji I, na juu yake kuna hekalu dogo la nyoka, Bhujang, ambalo huwa na sherehe kubwa kila Nag Panchami, sikukuu ya Kihindu ya nyoka. Nilipanda peke yangu alfajiri. Ngazi ni nyingi, kuta zinashuka na kupanda na mgongo wa kilima, na mji wote uko chini yako. Baba nilimpeleka baadaye Smritivan, bustani ya ukumbusho wa tetemeko chini ya kilima hichohicho, iliyofunguliwa Agosti 2022. Majina ya waliokufa yameandikwa kwenye kuta za vibwawa vinavyozuia maji ya mvua, na miti imepandwa pande zote. Jumba lake la makumbusho lina chumba kinachotikisika ili mgeni aonje tetemeko. Mtu mwenye moyo dhaifu asiingie humo. Sisi hatukuingia. Tulisoma majina, watu wa nyumba moja wamefuatana mstari kwa mstari, na baba akawasomea Fatiha wale waliokuwa na majina ya Kiislamu, kisha akasema na hawa wengine nao Mungu awarehemu.

Chakula kwa Mswahili kinaweza kuwa mtihani. Hoteli nyingi hazipiki nyama, na Gujarat ni jimbo lisiloruhusu pombe. Thali, sahani moja yenye vyakula vya aina nyingi, huongezwa mpaka useme basi, lakini sukari huingia hata kwenye mchuzi wa dengu, na mwenye kisukari awe macho. Ukitaka nyama ya halali, ulizia mitaa ya Waislamu, ambao Kutch ni wengi, utapata na msikiti hapo hapo.

Watu watakutazama. Bhuj haioni Waafrika wengi wanaotembea, na vijana walitaka kupiga picha nasi kila tulipokaa. Kwa jumla walikuwa na adabu, na ukikataa wanakubali. Lililonigusa ni swali la mara kwa mara: nyinyi ni Sidi? Sidi ni Wahindi wenye asili ya Afrika, ambao wazee wao wengi waliletwa utumwani kuvuka bahari hiihii, na wengine walikuja kama askari na mabaharia. Wako Kutch na sehemu nyingine za Gujarat. Dereva mmoja wa tuktuk alikuwa Sidi. Uso wake ungeweza kuwa wa mtu wa Kwale. Kiswahili hajui, mimi Kikutchi sijui, tukaongea kwa Kihindi changu cha filamu. Alikataa nauli ya baba. Nililia usiku ule, na sioni haya kulisema. Kotia alizozisifu baba maisha yake yote ni za ukoo mmoja na vyombo vilivyowavusha mababu wa yule dereva, na mtu wa pwani anayekwenda kustaajabia majumba ya Kutch aende akilijua hilo.

Mandvi ni mwendo wa kilomita zipatazo 60 kusini. Tulikodi gari na dereva kwa siku nzima, kama rupia 3,000, na bei hiyo tulikubaliana mdomoni na kuandikiana kwenye karatasi: kusubiri kumo, maegesho kumo, chakula cha dereva kumo. Bila karatasi, jioni hesabu hubadilika. Jumba la Vijay Vilas, la mawe mekundu ya mchanga, lililokamilika mwaka 1929, tulilipita haraka. Bustani nzuri, paa lenye upepo wa bahari, ngazi nyingi.

Baba alikuwa anangojea kingo za mto Rukmavati. Vyombo vinaundwa pale wazi, kando ya barabara, mbavu zimesimama juu kuliko nyumba za ghorofa mbili. Hakuna kiingilio, hakuna geti. Tulisogea, na mafundi wakatuacha tusimame. Vyombo vya leo ni vikubwa, vya injini, mbao zake za mti wa sal huagizwa kutoka Malaysia, na vingi huishia kubeba mizigo ya Ghuba na Somalia. Lakini kazi ni ileile. Mzee mmoja alikuwa amechuchumaa anakalafati: anasokota pamba iliyolowa mafuta, anaiweka kwenye ufa kati ya mbao mbili, anaigonga kwa patasi butu, tok, tok, anasogea kidole kimoja, anagonga tena. Baba akainama kadiri goti lilivyomruhusu. Akaninyooshea bakora kitu kimoja kimoja: mkuku, mataruma, omo, tezi. Yule fundi akamtazama, akampa nyundo. Baba akagonga pamba kwenye kotia ya Mandvi, fundi akagusa kwa kidole gumba kuona kama imekaa, akatikisa kichwa kwa namna ile ya Kihindi ambayo ni kukubali. Tulikaa pale mpaka dereva akaanza kupiga honi. Ukiwa na siku moja tu Kutch na mzazi aliyewahi kuishi na bahari, acha majumba yote, nenda hapo.

Kwa aliye na nguvu zaidi, Kutch ina mengi ambayo sisi hatukuyafikia. Lakhpat, zaidi ya kilomita 130 kutoka Bhuj, ni mji wenye kuta kubwa uliobaki karibu mtupu baada ya tetemeko la mwaka 1819 kuugeuza mkondo wa mto Indus. Bhadreshwar ina ziara ya Ibrahim, yaani jengo la kaburi, yenye maandishi ya mwaka 1159 au 1160, ushahidi wa jamaa za Kiislamu zilizokuwapo pwani ile mapema mno. Na jangwa jeupe la chumvi la Rann, upande wa Dhordo, linahitaji kibali kwa kuwa ni karibu na mpaka. Hutolewa njiani, uwe na pasipoti na nakala za viza.

Siku ya mwisho yule mzee wa hekaluni, aliyefanya ujenzi Nairobi, alitualika kijijini kwao nje ya Bhuj. Vijiji hivyo, Baladia, Madhapar, Kera na vinginevyo, vimejengwa kwa fedha za waliokwenda Kenya na Uingereza, na nyumba kubwa nyingi zimefungwa kwa sababu wenyewe wako huko. Mkewe alitupokea mlangoni kwa Kiswahili. "Jambo mzee, karibu. Habari ya Kenya?" Baba akajibu, "Nzuri, mama. Kenya salama." Yule mama akauliza kama Ngara, kule Nairobi, bado kuna msongamano, kama mvua imenyesha, na kama mahindi ya kuchoma bado yanauzwa barabarani na ndimu na pilipili. Kisha akauliza kama tumeleta majani ya chai ya Kenya, maana ya huku, alisema, hayana rangi. Hatukuwa nayo. Ukienda, tia pakiti mbili tatu kwenye begi lako, na usizimalize hotelini.